Chupa ya Mvua, Darasa la Nne B

Machi ilipoingia niliwaambia walete chupa.
Wakaleta za maji, wakaleta za soda,
Tunu akaleta ya mafuta ya alizeti
iliyokataa kutakata, ikanuka chapati.
Ndiyo iliyokuwa imara. Tukaikata shingo,
tukaipindua ikawa faneli,
tukabandika rula ya karatasi ubavuni
na kuisimika nyuma ya choo cha wavulana,
mahali pekee pasipofikiwa na mti wala mpira.

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya mstarini,
wa zamu anachuchumaa, jicho usawa wa maji.
Milimita nne, mwalimu.
Milimita kumi na moja.
Sufuri. Sufuri, ila kuna mjusi.
Andika sufuri, nikasema.
Akaandika sufuri, pembeni akachora mjusi.

Masika shule haikai kimya.
Darasa la Pili wameotesha maharage kwenye pamba,
wanayafunua kila dakika yakose hata faragha ya kuota.
Darasa la Sita wana mchicha ndani ya matairi ya lori
na ugomvi wa nani kamwagilia, huku mvua inanyesha.
Darasa la Tano wanajifunza ngonjera ya Muungano
chini ya bati; bati linawashinda sauti,
wanapaza, linapaza,
mpaka mlinzi Ngonyani kule getini
ameihifadhi beti zote, na makosa yake.

Kisha ule usiku wa Alhamisi.

Ijumaa nusu ya madawati yalikuwa matupu.
Chupa imejaa hadi ukingoni, inatoa mate.
Sikujua akanyoosha kidole:
Mwalimu, iliyomwagika tunaiandikaje?
Miaka kumi na tisa nimeshika chaki.
Tukaandika: *zaidi ya*.
Baada ya hapo tukaacha nafasi.

Lusajo alirudi Jumanne.
Anakaa Kigogo, bondeni kabisa.
Shati la kaka yake, ndala za mama yake,
daftari limekaushwa juu ya jiko
kurasa zimeumuka kama maandazi.
Hakusema pole wala samahani. Alitoa rula.
Nimepima, mwalimu. Ukutani kwetu.
Kutoka sakafuni mpaka kwenye mstari wa tope:
rula tatu na kasentimita kamoja.

Nikamweleza, kama kitabu kinavyotaka,
kwamba hayo si kipimo cha mvua.
Mvua hupimwa pale inapoangukia.
Maji yale yalianguka Pugu, yakaanguka Tabata,
kwenye mabati ya watu, kwenye lami ya watu,
yakakusanyana, yakafuata mteremko.
Alisikiliza. Ni msikivu, Lusajo.
Kwa hiyo, mwalimu,
ilikuwa mvua ya watu wengine
iliyokuja kulala kwetu.

Nilitafuta kalamu nyekundu, sikuiona,
au niliiona.

Siku ya wazazi tulitundika grafu.
Nguzo ndogo ndogo za buluu, wiki saba,
na pembeni, jina lake juu, nguzo ya Lusajo.
Manila moja haikutosha. Tukaunga ya pili, ya tatu,
buluu ikapanda, ikapita ubao,
ikafika usawa wa dirisha.
Wazazi walikunywa uji, wakauliza mchango wa mtihani,
wakacheka kwa yule mjusi.
Mama Lusajo alisimama mbele ya nguzo muda mrefu.
Akaweka kiganja kwenye kilele chake,
akakishusha taratibu, akakileta kiunoni mwake.
Hapa, akamwambia mwanamke wa jirani,
na mtoto nilikuwa nimempandisha juu ya kabati.
Kisha akauliza alama zake za Hisabati.

Leo zamu ya Tunu.
Milimita mbili, mwalimu.
Na bado inanuka chapati.